Ng'ambo ya Mto Kaduna

Mtu wa Unguja haelezwi maana ya ng'ambo. Mtaa wenye jina hilo ulikaa upande wa pili wa mkono wa bahari, ukitazamana na Mji Mkongwe, na watu walivuka kwenda sokoni, kazini na mazikoni. Mkono ule wa bahari ulifukiwa zamani. Limebaki jina la Darajani, maji hayapo.

Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, maji bado yapo. Mto unaupasua mji kati na madaraja yake hubeba magari mchana kutwa. Kwa miaka mingi aliyeuvuka hakuwa na la kufikiri zaidi ya safari yake. Kisha ukaja mwaka 2000. Mwezi Februari watu waliuana kwa siku kadhaa, wakauana tena mwezi Mei, na zilipotulia silaha familia zikaanza kupakia vitanda na masufuria. Waislamu waliokuwa wakiishi kusini, Sabon Tasha na Narayi, walihamia kaskazini. Wakristo wa Kawo na Rigasa walihamia kusini. Wengine waliziuza nyumba zao kwa hasara, ili mradi wapate kuondoka. Tangu hapo, mtu wa Kaduna akikutajia upande anaokaa, amekwisha kukutajia na dini yake, au karibu na hapo.

Historia ninayotaka kuisimulia ni ya wale walioendelea kuvuka. Si wengi, na kazi yao haikumaliza vita vya mji ule. Lakini walijifunza mambo ambayo sisi wa miji mingine tunayahitaji, na waliyajifunza kwa gharama kubwa.

Kaduna ni mji mchanga. Jina lake husemwa limetokana na neno la Kihausa la mamba, na kabla ya Waingereza palikuwa na mto na mamba wake, hapana mji wa maana. Katika miaka ya 1910 serikali ya kikoloni, chini ya Frederick Lugard, ilipachagua pawe makao makuu ya Nigeria ya Kaskazini, kwa sababu reli ilipita hapo na hapakuwa na mfalme mkubwa wa kugombana naye. Kwa hiyo Kaduna haikuwa kama Kano au Zaria, miji yenye kuta za kale na ukoo wa watawala. Kila mtu alikuwa mgeni. Walikuja Wahausa na Wafulani, wengi wao Waislamu. Wakaja watu wa makabila madogo ya kusini mwa jimbo, waliopokea Ukristo kwa wamisionari. Wakaja Waigbo na Wayoruba kwa reli, makarani na wafanyabiashara.

Wakoloni waliwapangia wageni hao mahali pa kukaa. Miji ya kaskazini ilikuwa na mtaa unaoitwa Sabon Gari, maana yake mji mpya, na humo ndimo walimowekwa watu wa kusini, mbali na wenyeji. Nia ilikuwa kuzuia msuguano. Matokeo yake ni kwamba vizazi viwili vitatu vilikua vikimfahamu jirani kwa kusimuliwa.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo mipango hiyo haikufua dafu, nako ni kiwandani. Mwaka 1957 kilifunguliwa kiwanda cha Kaduna Textiles, vikafuata vingine, na mji ukawa mji wa nguo. Vitambaa vilivyofumwa Kaduna vilivaliwa Nigeria nzima. Mwislamu na Mkristo walisimama kwenye mashine moja kwa zamu ya saa nane, wakapokea mshahara siku moja, wakadaiwa na muuza duka mmoja. Naamini ushirikiano wa dini katika mji ule ulianzia pale, kabla mtu yeyote hajaupa jina, na naomba msomaji avikumbuke viwanda hivyo, maana tutavirudia.

Moto wa kwanza mkubwa uliwashwa mbali na mji. Mwezi Machi 1987, katika chuo cha ualimu cha Kafanchan, mji wa njia panda ya reli, mhubiri mmoja aliyeacha Uislamu na kuwa Mkristo alituhumiwa kuipotosha Qur'ani katika mahubiri yake. Ugomvi wa wanafunzi ulitoka nje ya uzio wa chuo, ukafika Kaduna na Zaria, na makanisa mengi yakachomwa. Mwaka 1992 ikawa Zangon Kataf. Kule chanzo kilikuwa soko: halmashauri ilitaka kulihamisha kutoka kwenye mtaa wa Wahausa, na nyuma ya soko kulikuwa na malalamiko ya muda mrefu ya Waatyap, wenyeji wa pale ambao wengi wao ni Wakristo, kuhusu ardhi na kutawaliwa na watu wasio wao. Mwezi Februari watu walikufa, na mwezi Mei wakafa wengi zaidi, mamia kwa mamia. Habari zilipofika Kaduna mjini, suala la soko lilikwisha kusahaulika. Lilibaki swali la dini tu. Mahakama maalumu iliyoundwa na serikali ya kijeshi iliwahukumu kifo Waatyap kadhaa, akiwemo jenerali mstaafu Zamani Lekwot, hukumu ambayo baadaye ilipunguzwa kuwa kifungo. Wakristo waliiona kesi ile kuwa ya upande mmoja, na uchungu ukaongezeka juu ya uchungu.

Katika mapigano hayo ya 1992 walikuwamo vijana wawili ambao hawakuwa wakijuana ila kwa sifa mbaya. James Wuye alikuwa mchungaji wa kanisa la Assemblies of God na kiongozi wa vijana katika Chama cha Wakristo cha Nigeria, tawi la Kaduna. Baba yake alikuwa askari. Muhammad Ashafa alikuwa imamu, mzaliwa wa ukoo wa maimamu wa vizazi vingi, kifungua mimba katika nyumba ya mwanachuoni, na kiongozi wa vijana wa Kiislamu. Wote wawili walizaliwa mwaka 1960 au karibu yake, na wote wawili walikuwa na vijana wenye mapanga nyuma yao. Mwaka ule Wuye alikatwa mkono wa kulia. Ashafa aliuliwa binamu zake wawili, na pamoja nao mzee aliyekuwa mwalimu wake wa kiroho. Kwa miaka mitatu kila mmoja aliishi akisubiri siku ya kumpata mwenzake.

Walikutana mwaka 1995 katika shughuli isiyohusiana na vita: mkutano wa viongozi wa jamii kuhusu chanjo. Mwandishi wa habari aliyewafahamu wote wawili aliwakuta pale, akawashika mikono na kuikutanisha, akawaambia kwamba wao wawili wakitaka, jimbo hili litakuwa na amani. Baada ya hapo akawaacha wamesimama.

Hawakupatana siku ile, na huo ndio ukweli unaopotea pale kisa chao kinaposimuliwa kwa haraka. Waliagana kwa heshima ya juu juu. Ashafa alibaki na jambo linalomsumbua tangu aliposikia hotuba ya Ijumaa iliyohusu kisa cha Taif. Kila mtoto aliyekaa madrasa anakijua: Mtume alikwenda Taif kulingania, wenyeji wakamfanyia fujo na kumpiga mawe mpaka damu ikamtiririka miguuni, kisha akajiwa na malaika wa milima aliyekuwa tayari kuuangamiza mji ule, naye akakataa, akataraji kwamba katika vizazi vyao watatoka watu wa kumwabudu Mungu. Ashafa alikuwa amekisikia kisa hicho mara nyingi. Safari hii alijiona yeye ndiye anayeulizwa.

Akaanza kwenda kwa Wuye. Mama yake Wuye alipougua na kulazwa, imamu alikwenda hospitali kumjulia hali. Mama alipofariki, alikwenda kuhani, tena akafuatana na maimamu wenzake. Msomaji wa Kiswahili anajua uzito wa jambo hili. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi na akasamehewa, lakini msiba hauachwi; na anayefika msibani kwako akakaa jamvini, huna tena namna ya kumwita adui kwa mdomo mkunjufu. Nathubutu kusema kwamba kikao kile cha matanga kilifanya kazi kuliko mikutano mingi iliyokuja baadaye yenye meza ndefu na chupa za maji.

Hata hivyo, mchungaji alichelewa kulainika. Mwenyewe amesimulia hadharani kwamba walipoanza kusafiri pamoja na kulala chumba kimoja, alimtazama Ashafa amelala, akafikiria kuchukua mto wa kulalia na kumziba pumzi. Hakufanya. Kilichomgeuza, anavyoeleza, ni neno la mhubiri mwenzake aliyemwambia kwamba hawezi kumhubiri Kristo huku moyo umejaa chuki. Kwa hiyo mmoja aliguswa msikitini na mwingine na mhubiri wa dini yake mwenyewe. Hakuna aliyetolewa katika imani yake ili apatane na mwenzake, na hili nalihesabu kuwa kiini cha habari yote. Watu wengi wa nia njema hudhani kwamba ili dini mbili zikae pamoja lazima kwanza zichujwe, zibaki maji matupu. Ashafa na Wuye walikaa pamoja wakiwa imamu kweli na mchungaji kweli.

Mwaka huohuo wa 1995 waliasisi chombo chao, kinachojulikana leo kama Interfaith Mediation Centre, kituo cha usuluhishi kati ya dini. Mwaka 1999 walitoa kitabu walichokiandika pamoja, chenye aya za Qur'ani na za Biblia kuhusu ugomvi na suluhu. Waliwaita vijana wale wale waliokuwa wakiwaongoza vitani, wakawaketisha chumba kimoja siku kadhaa. Kijana aliyechoma kanisa alimsikiliza kijana aliyechoma msikiti. Imamu alitoa hoja kwa kitabu chake na mchungaji kwa chake, kwa sababu kijana wa Kaduna aliyeua kwa jina la dini hasikilizi hoja inayotoka nje ya dini. Ilikuwa kazi ya polepole, na kwao wenyewe ilikuwa ya hatari: wapo Waislamu waliomwita Ashafa msaliti, na wapo Wakristo waliosema Wuye ameuza kanisa.

Ndipo ukaja ule mwaka 2000. Zamfara, jimbo jirani la upande wa kaskazini-magharibi, lilikuwa limetangaza sharia mwezi Oktoba 1999, na majimbo mengine ya kaskazini yakaelekea huko huko. Zamfara karibu wote ni Waislamu. Kaduna Waislamu na Wakristo wanakaribiana kwa idadi, na bunge la jimbo lilipoanza kuzungumzia sharia kila upande ulitoka barabarani. Tarehe 21 Februari Wakristo waliandamana kupinga, na kabla jua halijatua watu walikuwa wakichinjana. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilikadiria kwamba waliokufa mwaka ule hawapungui 2,000. Sabon Tasha iliungua, masoko yakaungua, na baada yake ndiko kule kuhama nilikokutaja mwanzoni.

Wanaofanya kazi ya upatanisho hupimwa siku kama hizo, na ni haki kuuliza: miaka mitano ya warsha ilisaidia nini? Jibu la uaminifu ni kwamba haikuzuia. Watu wachache waliojuana, katika mji wa watu zaidi ya milioni moja, si ukuta. Lakini moshi ulipotulia palikuwa na watu wa pande mbili waliojuana na kuaminiana, na kutoka kwao ndiko kulikopatikana njia ya kuanza tena. Gavana Ahmed Makarfi, Mwislamu, alitafuta mpango wa kati: mahakama za sharia kwa Waislamu, mahakama za kimila kwa wengine. Ulianza kutumika mwishoni mwa 2001 na haukuzua vita, jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia.

Agosti 2002 viongozi 22 wa dini, Waislamu na Wakristo, walitia saini Azimio la Amani la Kaduna. Mfano wake ulitoka Alexandria, Misri, ambako mwanzoni mwa mwaka ule viongozi wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu wa Nchi Takatifu walikuwa wametia saini azimio la namna hiyo. Ashafa na Wuye walikuwa miongoni mwa waliolisukuma la Kaduna, na askofu wa Kianglikana wa hapo, Josiah Idowu-Fearon, msomi aliyeusoma Uislamu kwa makini, alikuwa mmoja wa nguzo zake. Waliahidi kutochochea, kuheshimu nyumba za ibada, na kuwafundisha watu wao hivyo.

Miezi mitatu haikupita sawasawa. Mashindano ya urembo ya dunia yalikuwa yafanyike Nigeria, na tarehe 16 Novemba gazeti la ThisDay likachapisha makala yenye maneno kuhusu Mtume yaliyowaudhi Waislamu. Ofisi ya gazeti hilo mjini Kaduna ilichomwa. Siku zilizofuata mitaa ikaingiana, na watu wapatao 250 wakafa. Warembo walipandishwa ndege kwenda London.

Katika mwaka ule ule wa 2002, kimya kimya, Kaduna Textiles ilifunga milango. Mitumba na vitambaa vya bei rahisi kutoka nje, umeme wa kukatika na mashine chakavu viliua kiwanda baada ya kiwanda, na kufika 2007 hata United Nigerian Textiles, kampuni kubwa kuliko zote, ilisimamisha kazi. Azimio lilipata picha magazetini. Kufungwa kwa viwanda kuliwapata maelfu ya wafanyakazi majumbani mwao, na wana wao wakakua bila kuwahi kusimama kwenye mashine moja na mtu wa dini nyingine. Mimi ninapoisoma historia ya Kaduna nahesabu hasara hii pamoja na nyumba zilizoungua. Ukiwa umewatenga watu kwa mto, ukafunga na mahali pa mwisho walipokutana kila siku bila kualikwa, unamwachia imamu na mchungaji kazi ambayo zamani ilifanywa na kengele ya zamu.

Hawakuacha. Mwaka 2004 waliitwa Yelwa, mji mdogo wa jimbo la Plateau. Mwezi Februari Wakristo walikuwa wameuliwa hapo, wengine katika eneo la kanisa, na mwezi Mei kisasi kikaua Waislamu wapatao 700. Walikwenda wote wawili, wakakaa na viongozi wa pande zote mpaka machozi yakawatoka watu waliokuwa hawasalimiani, na mwaka uliofuata mji ukasherehekea mapatano. Kisa chao kikatengenezewa filamu, The Imam and the Pastor, iliyotoka mwaka 2006.

Filamu hiyo ndiyo iliyowafikisha Afrika Mashariki. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Bonde la Ufa liliumia kuliko sehemu nyingi. Burnt Forest, mji wa barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ulikuwa ukichomwa tangu 1992, miaka ya uchaguzi ikifuatana na miaka ya kukimbia. Imamu na mchungaji kutoka Kaduna walifika pale na kuketi na Wakalenjin na Wakikuyu, na ziara yao ikawa filamu ya pili, An African Answer, mwaka 2010. Mara hii pande zote mbili zilikuwa za Wakristo, wanaosoma Biblia moja na pengine kuimba nyimbo zilezile Jumapili. Burnt Forest yaonyesha kwamba kufanana dini hakuzuii kisu, na kwamba Mwislamu mgeni, asiye na shamba wala kabila katika ugomvi ule, aliweza kusema maneno ambayo mwenyeji angeshindwa kuyasema.

Nyumbani kwao mambo hayakunyooka. Aprili 2011, Muhammadu Buhari, Mwislamu wa kaskazini, aliposhindwa urais na Goodluck Jonathan, Mkristo wa kusini, ghasia zilizuka katika majimbo 12 ya kaskazini na zaidi ya 800 wakafa, wengi wao katika jimbo la Kaduna. Tarehe 17 Juni 2012 mabomu ya kundi la Boko Haram yalilipuka makanisani Kaduna na Zaria wakati wa ibada, na vijana wenye hasira wakawatoa Waislamu wasio na hatia ndani ya magari. Kila safari ilikuwa kama kuanza upya.

Lakini waliokuwa wakivuka mto waliongezeka. Wanawake walianzisha baraza lao la dini mbili, na Sista Kathleen McGarvey, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, alikuwa mmoja wa waanzilishi. Akina mama wa Kiislamu na wa Kikristo walizungumzia humo mambo ambayo wanaume wa meza kuu hawakuwa wakiyagusa, ujane na watoto na nani anayemlinda binti njiani. Huko Sabon Tasha, mtaa ule ule Waislamu walioukimbia, Mchungaji Yohanna Buru amejulikana kwa kugawa nafaka kwa Waislamu kila Ramadhani, na Krismasi ikifika Waislamu huvuka kuja kukaa kanisani kwake. Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliunda tume ya kudumu ya amani.

Hofu nayo imebadilika sura. Tarehe 28 Machi 2022 treni iliyotoka Abuja kwenda Kaduna, inayoishia stesheni ya Rigasa, ilishambuliwa na watu wenye silaha. Baadhi ya abiria waliuawa na makumi wakatekwa, Waislamu na Wakristo pamoja, na ndugu zao wa mitaa ya kaskazini na ya kusini walisubiri kwa miezi habari zile zile.

Ashafa na Wuye wamevuka miaka 60 sasa. Wamepewa tuzo nyingi, mojawapo ile ya amani ya jimbo la Hesse nchini Ujerumani mwaka 2013, na mchungaji husimama jukwaani na mkono wake wa bandia pembeni ya imamu mwenye joho. Wakiulizwa kama kila mmoja angependa mwenzake aingie dini yake, wote wawili hujibu kwamba ndiyo, wangependa sana.